Maoni Yetu: Kinga ya meno itengenezwe Tarime na Mugumu

Kambi za UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, zinapokaribia, maofisa michezo wa Tarime na Serengeti huketi na orodha zao: jezi, mipira, viatu, nyavu, vikinga ugoko, dawa ya kupuliza kwa aliyeteguka. Ni orodha ya watu wanaoijua kazi yao. Kilichosahaulika ni mdomo wa mchezaji. Kijana anaruka chini ya ringi ya kikapu katikati ya viwiko vya wenzake. Binti anakaa golini kwenye mpira wa mikono na shuti linatoka hatua chache mbele yake. Kipa wa soka anajitupa miguuni mwa mshambuliaji kwenye uwanja usio na jani. Wote hao meno yao ya mbele yako wazi, na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Tunachotaka tunakisema mapema. Kliniki za meno za Tarime mjini, Nyamwaga na Mugumu zipewe vifaa vya kutengenezea kinga ya meno ya kupimwa, yaani ile inayofinyangwa kwa mdomo wa mtu mmoja na kumkaa yeye tu. Wanafunzi wa sekondari wanaocheza michezo ya kugongana wapimwe kabla ya kuingia kambini. Na kliniki hizohizo ziwe mahali ambapo mtu mzima anayesaga meno usiku, au anayekoroma hadi pumzi inakatika, anasikilizwa badala ya kuchekwa.

Jino la mbele la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka saba au minane. Likivunjika akiwa na kumi na sita, ana maisha yake yote ya kuishi bila lile alilopewa. Kipande kikimeguka, kinaweza kujengwa kwa dawa ya kuziba yenye rangi ya jino, ikiwa ipo na mtaalamu yupo. Mshipa ukiguswa, inabidi kutibu mzizi. Jino zima likitoka, ni jino bandia la kuvaa na kuvua, au daraja linaloegemea meno ya jirani, au la kupandikizwa kwenye mfupa, ambalo kwa familia ya Gorong'a au Natta ni hadithi tu. Katika hospitali nyingi za wilaya nchini, tiba inayotolewa zaidi kwenye chumba cha meno bado ni kung'oa. Kwa hiyo mchezaji aliyepigwa kiwiko Ijumaa akaenda kliniki Jumatatu ana nafasi kubwa ya kurudi na pengo.

Huku kwetu uimara ni sifa, na hatuna nia ya kuibeza. Wakurya waliandikishwa kwa wingi katika KAR, jeshi la kikoloni la enzi za Mwingereza, na hadi leo jina la Tarime halikosekani jeshini wala polisi. Mura, kijana wa Kikurya, akianguka anainuka, anatema damu, anaendelea na mchezo. Sawa kabisa. Ila jino halina ujasiri. Ngozi ikichanika inaota nyingine, mfupa ukivunjika unaunga, lakini tabaka la juu la jino likishameguka mwili haulitengenezi tena. Tena Mara ni miongoni mwa mikoa ambayo baadhi ya maji yake yana madini ya floridi kupita kiasi. Wengi wetu tunaishia na madoa ya kahawia tu, lakini kwa aliyeathirika sana tabaka hilo huwa dhaifu na hubanduka kirahisi. Huyo ndiye wa kwanza kukingwa.

Kinga yenyewe si kitu kipya. Mwaka 1890 daktari wa meno wa London, Woolf Krause, alianza kuwawekea mabondia vipande vya utomvu mgumu juu ya meno kabla ya kuingia ulingoni. Miaka zaidi ya ishirini baadaye bondia Ted "Kid" Lewis akaivaa mbele ya macho ya watu, na wapinzani wakalalamika kwamba anapata upendeleo. Mwaka 1927 huko New York, Mike McTigue alikuwa akienda vizuri dhidi ya Jack Sharkey hadi jino lililovunjika lilipomchana mdomo, damu ikamwagika na pambano likasimamishwa. Baada ya hapo ubishi ulipungua. Leo hakuna mwamuzi wa ngumi anayekubali kengele ilie kabla bondia hajavaa kinga. Ngumi za ridhaa hata rangi zimeipangia: nyekundu hairuhusiwi, kwa sababu mwamuzi anataka kuiona damu mapema.

Nje ya ulingo, somo zuri liko New Zealand. Nchi ile inacheza raga kama sisi tunavyocheza soka, na kila anayeumia hulipiwa matibabu na mfuko wa taifa wa ajali. Kwa kuwa mfuko ndio unaolipa, kila jino lililovunjika lina risiti. Kinga ilipofanywa lazima kwa wachezaji wa ngazi zote mwishoni mwa miaka ya 1990, watu walikaa wakahesabu: madai ya meno yaliyotokana na raga yalishuka kwa asilimia 43 kati ya 1995 na 2003. Sharti halikuja na mashine za ajabu. Lilisema tu kwamba asiyevaa hachezi.

Sisi hatuchezi raga Mugumu. Lakini tuna kikapu, mpira wa mikono, soka, na vijana wanaojifunza ngumi na karate. Sheria ya nne ya soka inamlazimisha mchezaji avae vikinga ugoko na haisemi neno juu ya meno. Kwa hiyo tusisubiri FIFA. Mwalimu wa michezo anaweza kuweka sharti lake kambini kama anavyoweka la kulala mapema.

Sasa tueleze kinga inavyotengenezwa, maana wengi wakisikia neno "kupimwa" wanawaza gharama za Dar es Salaam. Tabibu wa meno anachanganya poda na maji hadi iwe uji mzito, anaujaza kwenye trei yenye umbo la taya, anaukandamiza kwenye meno ya juu. Dakika mbili tatu uji unaganda na kutoka na alama ya kila jino. Ndani ya alama hiyo anamwaga plasta. Plasta ikikauka, anapata taya la mchezaji mezani, kamili na mwanya wake. Karatasi nene ya plastiki laini inapashwa moto kwenye kimashine cha mezani hadi ilegee, inashushwa juu ya taya la plasta, na pampu inavuta hewa kutoka chini ili plastiki ishike kila kona. Ikipoa inakatwa kwa mkasi, kingo zinalainishwa, inajaribiwa mdomoni ili meno ya chini yakutane nayo sawasawa. Imekwisha. Upimaji wa mtu mmoja ni wa dakika chache, na kazi iliyobaki hufanywa mchezaji akiwa darasani.

Poda ile na plasta ile ndizo zinazotumika kutengeneza meno bandia. Kliniki inayotoa meno bandia ina nusu ya kazi tayari. Kinachoongezeka ni karatasi za plastiki na kimashine hicho, ambacho kile cha kawaida kabisa hakifikii bei ya pikipiki mpya na kinatumia umeme wa ukutani. Anayedhani kliniki ya wilaya haiwezi kitu cha namna hii akumbuke kwamba katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme na bila mashine ya kutoboa. Njia hiyo, inayojulikana kwa kifupi cha ART, ilitoka kwetu ikaenda kufundishwa duniani.

Kuna watakaouliza: mbona madukani kuna za bei rahisi? Zipo za aina mbili. Moja inatoka kiwandani ikiwa na umbo moja kwa watu wote. Inakaa mdomoni kwa sababu mtu ameuma meno, na akifungua mdomo kumwita mwenzake inaanguka. Hiyo tusinunue. Nyingine inalowekwa kwenye maji ya moto, inaumwa ingali laini, inachukua umbo kiasi. Hiyo ni bora kuliko kukaa bila kitu, na kwa watoto wa shule za msingi ndiyo tunayoipendekeza. Mtoto wa miaka kumi bado anang'oka meno ya utotoni na kuota mengine. Kumtengenezea kinga ya kupimwa ambayo baada ya miezi michache haimkai ni kupoteza fedha. Kwa kijana wa kidato cha tatu ambaye meno yameshakaa, ile ya maji ya moto ina kasoro moja kubwa: akiiuma kwa nguvu inakuwa nyembamba palepale mbele panapohitaji unene. Ya kupimwa hubaki na milimita tatu au nne mahali pake, haimzuii kupumua, na kwa kuwa haimkeri, hatakuwa na sababu ya kuificha kwenye soksi mwalimu akigeuka.

Matunzo yake ni machache. Ioshwe kwa maji ya baridi na mswaki, iwekwe kwenye kopo lenye matundu, isiachwe juani kwenye kiti cha pikipiki kwa sababu italegea na kupinda. Na isiazimwe. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu vijana wetu wanaazimana kila kitu, na kinga iliyotoka kwenye ufizi unaovuja damu si jozi ya soksi.

Tusiiongezee sifa isizo nazo. Kinga ya meno huzuia meno kuvunjika, midomo kuchanika na meno ya chini kugongana na ya juu. Haijathibitika kwamba inazuia ubongo kutikisika, na kocha atakayemrudisha uwanjani kijana aliyepoteza fahamu kwa hoja kwamba "alikuwa amevaa" atakuwa anamhatarisha. Wala haimsaidii dereva wa bodaboda wa Sirari. Yeye anahitaji kofia inayofunika uso hadi kidevu, siyo ile ya nusu kichwa inayoning'inia kwenye usukani hadi trafiki aonekane.

Na jino likishatoka zima? Hapa wilaya zetu zina bahati isiyotumiwa: maziwa. Jino la ukubwani lililong'oka na mzizi wake linaweza kurudishwa na likashika, hasa likirudishwa ndani ya nusu saa. Lishikwe kwenye sehemu nyeupe, lisiguswe mzizi. Likiwa na vumbi lisuuzwe kidogo kwa maziwa au maji safi, lisisuguliwe. Lirudishwe kwenye tundu lake palepale uwanjani, mchezaji aume kitambaa safi, apelekwe kliniki. Ikishindikana, litumbukizwe kwenye kikombe cha maziwa mabichi na liende naye. Maziwa mgando hapana. Uchachu wake unaua chembe hai za mzizi. Jino la utotoni halirudishwi, maana linaweza kuliumiza lile linaloota chini yake. Aliyeumia kwenye udongo aulizwe pia habari ya sindano ya pepopunda. Maelezo haya yote yanaenea kwenye karatasi moja ya kubandika ndani ya mlango wa stoo ya vifaa vya michezo. Kata gani ya Tarime au Serengeti itakosa kikombe cha maziwa?

Tuje kwenye usingizi, ambako makosa ni mengi zaidi na wauzaji ni wajanja zaidi.

Mtoto akisaga meno usiku, nyumba nyingi zitasema ana minyoo. Dawa ya minyoo haina ubaya na shule zinaigawa, lakini uhusiano wa minyoo na kusaga meno haujathibitishwa. Watoto wengi husaga na kuacha wenyewe wakikua, na hawahitaji kuwekwa kitu mdomoni. Mtu mzima ni habari nyingine. Anaamka taya zimekakamaa, kichwa kinauma kwenye panja, meno yamekatika yakawa mafupi na bapa, na anayelala naye ndiye mwenye ushahidi. Mawazo, pombe, sigara na kahawa nyingi huchangia, na dawa za kuchangamsha pia. Mirungi, ambayo kwa sheria zetu ni haramu lakini wenyeji wa mpakani wanajua inavyopita, imo kwenye kundi hilo. Baadhi ya dawa za sonona nazo zina athari hiyo, hivyo mgonjwa aseme anachotumia kabla ya kupimwa.

Kinga ya usiku haimwachishi mtu kusaga. Inachofanya ni kuliwa yenyewe badala ya meno. Tena haifanani na ya michezo: ya usiku kwa msagaji wa kweli hutengenezwa kwa plastiki ngumu, iliyosawazishwa ili meno yote yaigonge kwa wakati mmoja. Akivaa ile laini ya mpira wa kikapu ataitafuna na kuitoboa, na wapo wanaosaga zaidi wakipewa kitu laini. Kwa hiyo mwanamichezo mwenye tatizo la usiku anahitaji vitu viwili. Wafanyabiashara wanaouza kimoja "cha michezo na usingizi" kwenye simu wanauza plastiki.

Kukoroma ndiko kunakotutia hofu. Kukoroma tu ni kero kwa wa nyumbani. Lakini anayekoroma, akanyamaza kimya, kisha akashtuka akitafuta hewa, na mchana anasinzia kwenye benchi la kanisa, huyo koo lake linajifunga usingizini. Hali hiyo huandamana na shinikizo la damu. Kuna kifaa cha meno kinachosogeza taya la chini mbele kidogo ili njia ya hewa ibaki wazi, nacho huwafaa wengi wenye tatizo la wastani. Lakini hakinunuliwi kwa kukadiria. Daktari humpima kwanza, na mwenye hali mbaya huhitaji mashine ya kusukuma hewa, si plastiki. Atakayenunua kifaa mtandaoni akapunguza kelele huenda amenyamazisha dalili na kuacha ugonjwa uendelee. Angalau amuulize muuzaji kama Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inakitambua.

Jambo hili ni kubwa zaidi kwetu kuliko kwa wilaya nyingine kwa sababu ya kazi zetu. Nyamongo kuna mgodi mkubwa wa dhahabu, wenye magari mazito na zamu za usiku. Mugumu inatoa madereva wanaoamka alfajiri kuwapeleka wageni hifadhini. Mabasi ya Sirari hadi Mwanza yana ratiba zake. Dereva anayesinzia kwa sababu koo lake linamnyima usingizi hawezi kuponywa na soda baridi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya, na OSHA ndiyo inayosimamia. Kwenye fomu ya vipimo hivyo iongezwe swali la kukoroma na kukatika pumzi, na lisiwe la mfanyakazi peke yake. Aulizwe anayelala naye chumbani. Kambini hata jirani wa chumba cha pili atajibu.

Nani alipe? Kwa upande wa Tarime jibu halihitaji harambee. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni ya mgodi anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii, akikubaliana na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na tunazipongeza. Vifaa vya kinga ya meno kwa hospitali ya Nyamwaga na ya Tarime mjini havitaonekana hata kidogo kwenye hesabu hizo, na pengine ndiyo sababu havijawahi kuombwa: havina jengo la kukatia utepe. Serengeti ina mapato yanayotokana na utalii, na ina hoteli zinazopenda kupiga picha na timu za shule. Wasaidie kununua karatasi za plastiki badala ya seti nyingine ya jezi zenye nembo.

Mashine bila mtu ni pambo. Matabibu wa meno waliopo wapewe mafunzo mafupi ya vitendo. Fundi sanifu wa maabara ya meno akipatikana ndani ya mkoa, azungukie hospitali zote tatu kwa zamu, na Hospitali ya Bugando ya Mwanza iwe ya kuulizwa pale mambo yanapokwama. Rejista ya kliniki iongezewe safu moja: jino hili limevunjikia wapi? Uwanjani, barabarani, nyumbani, kwenye ugomvi? Mwaka ukiisha tutajua kama tulikuwa sahihi kuanza na wanamichezo au kama fedha zingeenda kwenye kofia za bodaboda. Tuko tayari kusahihishwa na rejista hiyo.

Halmashauri huandaa bajeti zao miezi ya kabla ya Julai, na mashindano ya shule huchezwa katikati ya mwaka. Ombi likiingia mezani kwa madiwani baada ya kambi kufunguliwa, litakuwa limepoteza msimu mzima. Maofisa michezo na waganga wakuu wa Tarime na Serengeti wakae pamoja sasa, wahesabu wachezaji wa kikapu, mpira wa mikono, ngumi na makipa wa sekondari zao, na waandike idadi hiyo kwenye ombi la vifaa.